Upepo wa AC unapanda kiooni tu kwenye 300D: pima vakyumu kabla hujanunua gesi tena

Ndugu wa Kisauni, swali lako nimelisoma mara mbili. Umesema Mercedes 300D yako ya 1982 imejazwa gesi mara mbili, kompresa inashika, paipu ni baridi, lakini upepo wote unapanda kwenye kioo cha mbele na matundu ya katikati hayatoi kitu. Mwisho ukagusia kwamba siku hizi ukizima ufunguo, injini inachukua sekunde kadhaa ndipo inyamaze. Hilo la mwisho ndilo lenye jibu. Gesi yako ni nzima, na kinachovuja ni vakyumu, yaani ule mvuto wa hewa unaoendesha vitu vingi kwenye gari hili.

Nina W123 (ndilo jina la toleo la gari lako) kama yako na nimepita njia hiyo hiyo. Mimi ilinianzia kwenye foleni ya feri Likoni. Nilizima, nikatoa ufunguo, injini ikaendelea kunguruma kama sijaigusa. Ilibidi nifungue boneti nisukume ule mkono wenye neno STOP. Fundi wa kwanza alibadilisha kikopo cha kuzimia kilicho kwenye pampu ya dizeli. Kipya kikafungwa, na injini ikawa vile vile. Wiki mbili baadaye upepo wa AC ukahamia kiooni, na hapo nikaelewa kwamba haya si magonjwa mawili.

Injini ya dizeli ya gari hili haina kilango cha kubana hewa kama ya petroli, kwa hiyo haijitengenezei mvuto kwenye manifoldi, yale mabomba ya kuingizia hewa. Ndiyo maana pale mbele ya injini kuna pampu ya vakyumu. Paipu nene inatoka hapo kwenda kwenye basta ya breki, kile kifaa kinachosaidia mguu wako kukanyaga pedali. Njiani inachipua mirija myembamba: mmoja unapitia swichi ya ufunguo kwenda kuzima injini, mwingine unaendesha kufuli za milango, mwingine unaingia ndani ya dashibodi kuendesha vilango vya hita na AC, na kama gia ni otomatiki, nayo ina wake. Wote wananyonya kisima kimoja. Mmoja akitoboka, wenzake wanakosa nguvu.

Vilango vya ndani ya dashibodi havina mota. Kila kimoja kina kikopo chenye kiwambo cha mpira, na vakyumu ikivuta kiwambo, kilango kinageuka. Vakyumu ikipotea, springi inarudisha upepo kwenye kioo. Kwa dereva wa Ujerumani wakati wa barafu huo ni uokovu, maana kioo kinabaki wazi. Kwetu hapa, na jasho la mwezi wa pili, ni adhabu. Tena kuna kilango cha kuzungusha hewa ya ndani. Nacho kikikosa mvuto, AC inabaki kupoza hewa ya moto ya barabarani badala ya ile iliyokwisha kupoa ndani, na utaapa kwamba gesi imepungua.

Sasa kazi yenyewe. Tafuta pampu ya mkono ya vakyumu yenye geji. Usianze kubahatisha bila hiyo. Kwanza pima mvuto wa pampu ya injini gari likinguruma polepole bila kukanyaga mafuta: hapa pwani unataka inchi 20 za zebaki (kipimo cha mvuto kwenye geji) au zaidi. Nasema hapa pwani kwa sababu jamaa wa Nairobi watakupa namba zao. Kule juu, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, hewa yenyewe ni nyepesi na geji husoma kama inchi 5 chini kwa pampu ile ile nzima. Ukisoma 16 Nairobi huna sababu ya kuhangaika. Ukisoma 16 Mombasa, kuna kitu.

Pampu ikiwa nzima, nenda kwenye mirija myembamba na uitenge mmoja mmoja. Chomoa mmoja, ziba pale ulipotoka kwa skurubu laini, kisha vuta kwa pampu ya mkono upande unaokwenda kazini. Sindano ikisimama dakika nzima, huo uache. Ikianguka, fuata mrija huo mpaka mwisho. Ile paipu nene ya breki usiiguse na kuendesha gari, hata mpaka dukani. Bila vakyumu pedali inakuwa ngumu kama jiwe, na mteremko wa feri hauna huruma.

Kwangu mimi nilikuta matatu. Kiungio cha mpira cha njia tatu karibu na ukuta wa injini kilikuwa kimepasuka upande wa chini, usioonekana mpaka ukigeuze. Kikopo cha kufuli ya mlango wa nyuma kushoto kilikuwa kinavuja, na hicho ndicho kilichokuwa kinachelewesha kuzima. Cha tatu ni kiwambo cha kilango cha katikati, ndani ya dashibodi.

Angalia jambo hili: mirija yenyewe ya plastiki ngumu ni nadra kufa. Kinachokufa ni mipira ya kuunganishia, kwa joto la injini na umri. Kwa hiyo usikubali mtu akung'olee mirija yote. Rangi zake ndizo ramani yako, na akishaweka mirija myeusi mitupu, fundi anayefuata atakuwa kipofu. Kata ncha iliyolegea kama sentimita moja, sukuma mpira mpya, basi. Mrija ukivunjika katikati, kutanisha ncha mbili ndani ya kipande kifupi cha mpira.

Chukua kipande cha zamani uende nacho dukani ukilinganishe, na uombe mpira wa vakyumu wenyewe. Mpira wa maji ya waipa utalainika kwa joto na kujibana. Wa silikoni unapendeza macho, lakini oili ikiufikia unavimba. Na oili inaweza kufika: ukiikuta ndani ya mrija, kiwambo cha pampu ya injini kimechanika, na lazima ukitengeneze hicho kwanza, la sivyo kitaharibu kila mpira utakaoweka.

Kikopo cha katikati kilinichukua Jumamosi na Jumapili, kwa sababu plastiki za dashibodi ya miaka arobaini zinavunjika ukizivuta kwa haraka. Zitoe asubuhi na mapema kivulini, na kila skurubu iwekee kikaratasi cha mahali pake.

Wengi hapa Mombasa wanakata kabisa maji ya hita kwa kipande cha hozi. Siwalaumu, lakini mimi yangu nimeiacha, maana mwezi wa saba hupanda Limuru na kule hita inatakiwa. Kama baada ya haya yote unasikia joto miguuni wakati AC inafanya kazi, hiyo si vakyumu tena. Tazama valvu ya umeme ya maji ya hita. Ikikosa umeme au kiwambo chake kikichanika, inabaki wazi.

Anza na mlango wa nyuma na kile kiungio cha njia tatu. Ukipata geji, andika hapa namba ulizosoma, pampu na kila mrija, tuendelee kutoka hapo.