Kitabu kipya cha historia, nifungulie kwanza ukurasa wa Pemba

Nilipokuwa skuli Wete, maalim wetu wa historia alikuwa na tabia moja. Ukimpelekea kitabu, kiwe kinene namna gani, hasomi jalada wala dibaji. Anakigeuza, anakwenda kwenye faharasa kule mwisho, anatafuta neno Pemba. Akiliona, anafungua ukurasa ule na kuusoma pole pole, kidole juu ya mstari. Siku moja nilimuuliza, "Maalim, mbona huanzi mwanzo?" Akanijibu, "Mwanangu, Uchina sikufika. Mwandishi akinihadithia habari za Uchina itabidi nimwamini tu. Lakini Mtambwe naijua. Akiikosea Mtambwe, nitamwaminije huko kwengine?"

Sasa nakaa Unguja mjini, na miaka yote hii nimenunua vitabu vya historia na sanaa kwa kipimo hicho. Kila mara nilipokiacha, nilijuta. Naandika haya kwa sababu vitabu vya namna hii vinazidi kutoka, vya kuandikiwa watu wa kawaida kama sisi, vyenye picha nzuri na bei kubwa, na wengi mnaniuliza nichukue kipi niache kipi. Anza na mahali unapopajua.

Mimi naanza na Mtambwe Mkuu, pale ng'ambo ya Wete. Mwaka 1984 wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta pale hazina ya sarafu: zaidi ya 2,000 za fedha, ndogo ndogo, pamoja na chache za dhahabu, zilizofukiwa katika karne ya 11. Sarafu zile za fedha zina majina ya watawala Waislamu wa pwani hii hii. Basi nikishika kitabu kipya cha Bahari ya Hindi kinachotaka kunambia kuwa watu wa mwambao walikaa tu wakingojea wageni wawaletee biashara na fedha, natafuta Mtambwe. Ikiwemo, najua mwandishi kasoma taarifa za wachimbuzi. Isipokuwemo, na Pemba yote imepewa mistari miwili ya karafuu na uganga, nakirudisha rafuni.

Na hiyo karafuu yenyewe ni mtihani. Mwandishi mzuri hatosheki kukwambia kuwa Pemba ina mikarafuu mingi. Atakwambia kwamba kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mashamba ya Unguja na kuiacha Pemba kwa kiasi kikubwa, na tokea hapo kisiwa chetu kikawa ndio chenye karafuu. Sababu ikiwepo, kitabu kina mtu ndani yake anayefikiri.

Wewe wa Makunduchi au Kizimkazi, una mtihani wako. Kwenye mihrabu ya msikiti wa Kizimkazi Dimbani kuna maandishi ya Kikufi, mwandiko wa zamani wa Kiarabu, yenye mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Lakini sehemu kubwa ya jengo tunaloliona leo ilijengwa upya karne ya 18. Kitabu kinachoandika "msikiti wa mwaka 1107" na kuishia hapo kimekupa nusu ya habari, na hiyo nusu nyengine ndiyo tamu: watu waliojenga upya waliyatunza maandishi ya waliotangulia.

Jambo la pili limenigharimu pesa. Nilinunua katika duka moja mjini kitabu kikubwa, jalada linang'aa, nikaambiwa ni kipya. Nilipofika nyumbani nikasoma kuwa Beit el Ajaib ni makumbusho, karibu uingie. Jengo lile la Forodhani, alilolijenga Sultani wetu Sayyid Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu kubwa tarehe 25 Disemba 2020. Nikarudi kwenye ukurasa ule wa maandishi madogo nyuma ya jina la kitabu, nikaona kimetolewa mara ya kwanza miaka mingi nyuma. Kilichokuwa kipya ni jalada tu. Kwa hivyo kabla hujatoa noti, usome ukurasa ule. Chapa mpya ni karatasi mpya. Toleo jipya ndilo ambalo mwandishi amekaa tena akarekebisha, na hapo hapo patakuwa na dibaji ya toleo hilo inayosema kabadilisha nini.

Watu wengi hutishika vitabu vinapogombana kwa tarehe. Mimi nafurahi. Kimoja kitasema Sayyid Said, Sultani wa Omani, alihamia Zanzibar 1832, chengine 1840. Hapo ndipo pa kukaa na vyote viwili. Sayyid alikuja kwa mara ya kwanza 1828, akawa anakwenda Muscat na kurudi miaka mingi, akijenga Mtoni na kupanda karafuu, mpaka makao yakawa huku moja kwa moja. Kila mwandishi kachagua hatua moja ya safari ile. Anayekueleza kwa nini kachagua yake, mshike. Hali kadhalika vita vya Waingereza na Zanzibar vya tarehe 27 Agosti 1896: wengi huandika dakika 38, wengine 45. Dakika zenyewe si kitu kwangu. Natazama kama mwandishi kawakumbuka watu waliokuwamo ndani ya kasri lililopigwa mizinga, au kaifanya hadithi ya kuchekesha wageni.

Kwenye sanaa nitakaa kidogo, kwa sababu huko ndiko tunakodanganywa kwa picha nzuri. Chukua milango yetu. Vitabu vingi vina orodha: samaki maana yake hivi, mnyororo vile, yungiyungi hivi. Ami yangu alikuwa fundi wa nakshi, na nilipomsomea orodha moja kama hiyo alinyamaza, kisha akauliza, "Aliyeandika kamuuliza fundi gani?" Tokea siku hiyo hilo ndilo swali langu. Kitabu cha maana kitakutenganishia yanayosemwa na yanayoonekana. Yanayoonekana yenyewe ni mengi: milango ya zamani zaidi ina kizingiti cha juu kilichonyooka, ile yenye upinde na maua yaliyojaa ilienea mwishoni mwa karne ya 19, mikono ya mafundi wa Kihindi ikionekana ndani yake. Juu mara nyingi pana aya ya Kurani, na mara nyengine mwaka. Je, mwandishi kaisoma ile aya, au kaiita "maandishi ya Kiarabu" akapita? Na ule mti wa katikati, kaupa jina lake, mfaa?

Ndiyo maana nawaambia wanawake wenzangu wasijione wageni kwenye vitabu vya sanaa. Anayejua kutofautisha pindo, mji na jina la kanga tayari ana jicho. Anajua kwamba pambo la ukingoni hufanya kazi tofauti na la katikati, na kwamba maneno yana mahali pake. Ukifungua kitabu cha mazulia ya Uajemi au vigae vya Uturuki, anza na jicho hilo hilo. Mimi nilianza hivyo, na sura zilizokuwa ngumu zikafunguka.

Picha za zamani nazo zina mtihani wake, na huu naupenda kuliko yote. Ukiona picha ya Forodhani, tazama mnara. Kabla ya mizinga ya 1896 palikuwa na mnara uliosimama peke yake mbele ya Beit el Ajaib. Baada ya hapo, mwaka 1897, mnara wa saa ukajengwa kwenye jengo lenyewe. Basi kitabu kikikuonesha mnara uko mbali na jengo, na maelezo chini yanasema 1905, funga, au angalau kuwa na shaka na maelezo mengine yote. Kwenye kitabu cha picha, maelezo ndiyo kitabu. Yatakiwa yataje mahali, mwaka, na aliyepiga.

Kuhusu bei. Vitabu hivi vingi ni vya Kiingereza na ni ghali, na sisi wa mishahara ya kawaida hatuviwezi peke yetu. Sisi tuko sita, tumefanya upatu wa vitabu. Kila mwezi kila mtu anatoa shilingi 10,000, anapewa mmoja, naye ananunua kitabu anachokitaka kwa sharti kwamba kitazunguka. Tunaanza kwa kwenda kukitazama Maktaba Kuu kama kipo, ili tusinunue tusichohitaji. Mwenye zamu husoma, halafu Ijumaa baada ya alasiri anatuhadithia sura moja kwa Kiswahili pale barazani. Hapo ndipo kitabu kinapojulikana. Sura isiyohadithika kwa lugha yako, ama hukuielewa, ama mwandishi hakuwa na la kusema. Bibi wa nyumba ile, ambaye hasomi Kiingereza, ndiye anayetuuliza maswali makali kupita sote.

Ijumaa iliyopita mwenzetu alituhadithia kuhusu Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, akaondoka 1866, na kumbukumbu zake zikatoka kwa Kijerumani mwaka 1886. Bibi akauliza, "Kwa hivyo kaandika akiwa mbali, na miaka 20 imepita?" Tukasema ndiyo. "Basi nisomeeni pale anapotaja vyakula. Vyakula mtu hasahau." Mwezi huu zamu ni yangu, na hicho kitabu cha Salme mwenyewe ndicho ninachokitafuta.