Kuku tisa kufa kwa siku tatu: anza na mdondo

Pole sana dada. Umesema kuku wako wa kienyeji tisa wamekufa ndani ya siku tatu, wengine jioni walikula vizuri, na waliobaki wanaharisha kijani. Kwa maelezo hayo mimi nashuku mdondo, yaani kideri. Angalia kama kuna anayepinda shingo, kushusha mabawa au kuhema mdomo wazi.

Mdondo ni virusi. Unga wa antibayotiki unaouziwa dukani hauutibu, usimalizie pesa huko. Lakini kipindupindu cha kuku, mafua ya ndege na sumu huua ghafla pia, kwa hiyo mwite afisa mifugo wa kata leo hii, na umwekee mzoga mmoja wa asubuhi, mahali pa baridi, mbali na chakula. Usiupasue mwenyewe.

Mizoga mingine ichome au ifukie shimo refu. Najua inauma kutupa nyama, ila tafadhali msile, na usiuze hao walio hai hata jirani akikusihi. Hivyo ndivyo ugonjwa unavyohamia kijiji kingine, ndani ya tenga. Wagonjwa watenge, nawa mikono, badilisha viatu.

Ikithibitika ni mdondo, chanjo ya I-2 ni tone moja jichoni, kifaranga na jogoo sawa, kila baada ya miezi mitatu. Wachanje wasio wagonjwa tu. Aliyeugua tayari haimponyi.

Je, kuna kuku mgeni uliyemleta wiki hizi mbili?