Maswali ya Wasomaji: Kitabu Gani cha Mwongozo kwa Siku Tatu za Mjini?

Likizo ya katikati ya mwaka inakaribia, na barua za Kigoma na Tabora zimeleta swali lilelile kwa sura nyingi: mtu ana siku chache za kutembelea mji asioujua, anataka kitabu cha mwongozo wa safari, na hajui achague kipi. Tumechukua barua tano.

Mimi ni mwalimu, naishi Isevya, Tabora. Mwezi wa sita mimi na mke wangu tutakuwa Nairobi siku tatu. Kwa muuza vitabu vya mitumba nimekuta viwili: kimoja kinene cha Afrika Mashariki nzima, kingine chembamba chenye picha nyingi, cha Nairobi peke yake. Kile kinene ni cha bei nafuu. Nichukue kipi?

Mwalimu, acha kwanza unene na picha, utafute umri. Fungua ukurasa ulio nyuma ya jina la kitabu, pale zinapoandikwa haki za kunakili. Utakuta namba ya toleo na mwaka. Angalia sana hapo, maana kuchapwa tena si toleo jipya: kitabu kinaweza kuchapwa upya mwaka 2022 huku maandishi yakiwa ya 2017. Ukishapata mwaka wa toleo, rudi nyuma kama mwaka mmoja hivi, kwa sababu mwandishi hutembelea mji kwanza, kitabu huja baadaye.

Kama ukurasa huo umechanika, na kwenye mitumba hutokea sana, kipime kitabu kwa mji unaoujua. Hicho kinene lazima kina sura ya Dar es Salaam. Isome papo hapo dukani. Kikikuambia mabasi ya mikoani yanaanzia Ubungo, kimeandikwa kabla ya 2021, stendi ilipohamia Mbezi Luis. Kisipotaja kabisa mabasi ya mwendokasi, ni cha kabla ya 2016. Kisipoijua treni ya SGR ya Dodoma, kimetangulia 2024. Kwa Nairobi yenyewe vipimo ni viwili: treni ya SGR ya Mombasa iliyoanza 2017, na ile barabara ya juu ya kulipia, Nairobi Expressway, iliyofunguliwa 2022. Kitabu kinachokosa vyote viwili kitakupotosha hata kwenye safari ya kutoka uwanja wa ndege.

Tuseme vyote viwili vimefaulu. Sasa tazama kilivyopangwa. Vipo vitabu vinavyoweka makumbusho yote pamoja, hoteli zote pamoja, migahawa yote pamoja. Mpangilio huo unamfaa mtu mwenye wiki tatu. Mwenye siku tatu anahitaji kitabu kilichopangwa kwa maeneo, kwa sababu Nairobi ni mji wa foleni na siku yako itaamuliwa na upande uliokwenda asubuhi. Kituo cha watoto wa tembo cha Sheldrick, kituo cha twiga cha Lang'ata na makumbusho ya Karen Blixen vyote viko upande wa kusini magharibi, nje kabisa ya katikati ya mji. Hiyo ni siku moja. Makumbusho ya Taifa na jengo la Nyaraka za Taifa viko katikati au karibu yake. Hiyo ni siku nyingine. Kitabu kikizitawanya sehemu hizo kwenye kurasa kumi tofauti, mtajikuta mnavuka mji mara mbili kwa siku.

Halafu ramani. Vitabu vingi vya Nairobi vina ramani moja safi ya katikati ya mji, kisha Karen na Lang'ata zimeachwa kwa mshale pembeni. Hiyo haitoshi. Unataka ramani mbili: ya katikati, yenye skeli ya karibu 1:15,000, yaani sentimita moja ni mita 150, na nyingine ya mji mzima. Kama skeli haikuandikwa na hakuna hata mstari wa kilomita pale chini, huo ni mchoro tu, usiutegemee kukadiria mwendo wa miguu.

Jambo la mwisho, na hapa ndipo vitabu vya wageni vinapowaponza Watanzania: bei. Vimeandikwa kwa mtu anayetoka Ulaya au Marekani. Kiingilio kinachoandikwa mara nyingi ni cha mgeni wa mbali, ilhali hifadhi na makumbusho ya Kenya yana kiwango cha raia wa Afrika Mashariki, ambacho ni cha chini sana. Nenda na pasipoti getini, uliza kiwango chako. Na pale Sheldrick hakuna kujiendea tu: tembo huonyeshwa kwa saa moja, saa tano hadi saa sita, na lazima uweke nafasi mapema. Kitabu kisichosema hivyo kitawapotezea asubuhi nzima.

Kwa hiyo, chembamba, kama ni cha baada ya 2022 na kina ramani hizo mbili. La sivyo chukua kinene kwa bei yake nafuu, ukitumie kwa historia na mpangilio wa mitaa, na bei zote uzifute kichwani.

Niko Mwanga, Kigoma. Nimeazima kitabu kinachosema njia rahisi ya kufika Kigali kutoka kwetu ni kupitia Bujumbura. Nikiamini?

Kwa njia hiyo, hapana. Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda, na kitabu kilichoandikwa kabla ya hapo hakiwezi kulijua jambo hilo. Mpaka unaweza kufungwa na kufunguliwa ndani ya wiki moja. Kitabu huishi miaka. Sura ya mipaka isome ili ujue njia zilizopo, kisha uliza stendi na ofisi ya Uhamiaji kabla ya kukata tiketi. Njia ya ndani ni Kasulu, Kibondo, Kakonko hadi Nyakanazi, kisha unaelekea mpakani Rusumo. Ni ndefu, lakini haipiti nchi ya tatu.

Kuhusu Kigali yenyewe, kipime kitabu hicho kwa majina ya barabara. Kigali ilibadili mfumo, na barabara sasa zina herufi na namba: KN kwa upande wa Nyarugenge, KG kwa Gasabo, KK kwa Kicukiro. Ramani yenye majina ya zamani peke yake haitakufikisha, kwa sababu vibao vya barabarani havisemi hivyo.

Kitabu kizuri cha Kigali kinakwambia pia mambo haya: Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni umuganda, kazi za jamii, na asubuhi maduka hufungwa na magari hupungua, mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2008, ile ya kwenye begi lako ikiwamo, magari hupita kulia, saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Na kinaonyesha milima. Kilomita moja ya Kigali kwenye ramani tambarare huonekana ya dakika kumi na tano, kumbe nusu yake ni kupanda. Ramani isiyo na alama yoyote ya mwinuko, kila umbali uongezee muda, au panda pikipiki na uvae helmeti ya abiria utakayopewa.

Nauza nguo Ujiji. Nakwenda Istanbul kufunga mzigo, na nitabakiwa na siku mbili za kutembea. Je, kitabu kimoja kitanifaa kwa biashara na matembezi?

Mama, kwa biashara hakitakufaa. Vitabu vya watalii vinazungumzia soko kubwa la kale, Kapalıçarşı, wala si maduka ya jumla ya Laleli, Osmanbey na Merter. Hayo utaelekezwa vizuri zaidi na wafanyabiashara wenzako. Kitabu kinunue kwa zile siku mbili tu, kwa hiyo kidogo cha mfukoni kinatosha. Mfululizo wa DK unasifika kwa picha na michoro ya ndani ya majengo; wa Lonely Planet na Rough Guides una maelezo mengi zaidi ya usafiri na mitaa. Kwa siku mbili, na kama Kiingereza kirefu kinakuchosha, michoro itakusaidia kuliko aya.

Ila kikague mambo mawili. Kikisema ndege za kimataifa za mashirika makubwa zinatua uwanja wa Atatürk, ni cha kabla ya Aprili 2019, abiria walipohamishiwa uwanja mpya. Kikisema Hagia Sophia ni makumbusho, ni cha kabla ya Julai 2020, ilipofanywa tena msikiti. Tangu 2024 mtalii hulipa kiingilio, na huingia kwa njia tofauti na ya wanaokwenda kuswali.

Tafuta pia ukurasa wa siku za kufungwa, kwa maana siku mbili zako zikianguka vibaya hakuna cha kurudia. Kapalıçarşı hufungwa Jumapili, kasri la Topkapı hufungwa Jumanne. Mwisho angalia kama ramani inaonyesha tramu ya T1. Njia hiyo moja inapita Laleli, sokoni Beyazıt, Sultanahmet hadi Eminönü, yaani kutoka kwenye mzigo wako hadi karibu kila kitu utakachotaka kuona. Nauli hulipwa kwa kadi ya Istanbulkart, ile ile hutumika kwenye vivuko.

Simu ina ramani na kila kitu. Kitabu cha nini? Kijana, Kanyenye, Tabora.

Simu inashinda kwa njia, saa za kufungua na bei. Kitabu kinashinda kwa uchaguzi: mtu aliyezunguka mji amekupunguzia sehemu mia tatu hadi ishirini na kukuambia kwa nini. Tumia vyote. Pakua ramani ya mji mzima ukiwa bado na intaneti ya uhakika, uweke alama za hizo sehemu ishirini, kisha zima data uone kama inafunguka. Watu wengi hupakua katikati ya mji tu wakasahau uwanja wa ndege au stendi, ndipo wanapokwama saa ya kwanza.

Kitabu kikiwa kinene na ni chako, kata sura ya mji kwa wembe, ibane kwa stapla, mengine yabaki nyumbani. Usitoe fotokopi ya ramani ya rangi kwa mashine ya nyeusi na nyeupe; njia za treni na mito zitatoka sawasawa.

Naongoza wageni hapa Kigoma. Wananiuliza wanunue kitabu gani kabla ya kuja mwisho wa reli.

Waambie wasinunue kwa jalada. Vitabu vingi vinavyoitwa vya Tanzania ni vya Serengeti, Kilimanjaro na Zanzibar, na kile chenye neno Kaskazini kwenye jina hakitufikii kabisa. Wafungue faharasa nyuma ya kitabu, watafute majina manne: Kigoma, Ujiji, Tabora, Kwihara. Kigoma na Gombe hupatikana mara nyingi kwa sababu ya sokwe. Kwihara, alikokaa Livingstone nje ya Tabora, ndilo jina linaloonyesha kama mwandishi alishuka kweli kwenye treni ya reli ya kati au alipita kwa ndege. Mfululizo wa Bradt hujulikana kwa kuzipa kurasa sehemu zisizo na watalii wengi, basi waanzie hapo, wakague faharasa hiyohiyo.

Uwaonye kuhusu ratiba. MV Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, ilisimama safari kwa miaka kadhaa, lakini vitabu vya zamani bado vinataja siku zake za kuondoka kana kwamba inang'oa nanga kesho. Wasipange siku ya kurudi kwa meli wala treni iliyoandikwa kitabuni. Wakutumie ujumbe wiki moja kabla, nawe uulize bandarini na stesheni.