Kusomea saa ya seli ukiwa Malindi

Mdogo wangu, umeuliza kama mtoto wa Malindi anaweza kusomea ile saa iliyo ndani ya seli, yaani mpangilio wa ndani unaoiambia seli ifanye nini saa ngapi, na bado apate kazi, manake mzee wako anataka uwe daktari tu. Inawezekana, ila njia ni ndefu. Uanze na digrii ya bayolojia ama biokemia, Chuo Kikuu cha Pwani kiko hapo Kilifi, si mbali kwa matatu, halafu masta, halafu PhD, na kwa fani hii jua kuna siku utaamka saa nane usiku kuchukua sampuli, seli haikungojei ulale.

Wanasayansi Hall, Rosbash na Young walipewa Nobel 2017 kwa kuchunguza jeni za vinzi vya matunda zinazoendesha saa hiyo! Lakini mimi ningekuwa wewe ningeshika upande wa saa kwenye malaria, kile kimelea chake cha falciparum kinamaliza mzunguko wake kwenye damu kwa kama saa 48 kisha kinapasua chembe ya damu, vimelea vikipasua pamoja ndo homa inapanda, na KEMRI Kilifi, ile taasisi ya utafiti wa tiba, wako kwa malaria miaka mingi, omba atachimenti, nafasi ya kujifunza kazini, mapema. Hesabu na kompyuta pia usizitupe, data ya saa ni grafu kwa grafu. Mzee atalainika akiona barua ya skolashipu.