Shangazi, naamka saa nane usiku moyo unaenda mbio, je imani yangu ni ndogo?

Barua ya wiki hii imetoka Newala, kwa dada wa miaka 31, mama wa watoto wawili, naifupisha hapa ili wengine mfuatilie.

"Shikamoo Shangazi. Toka mwezi wa sita naamka saa nane usiku moyo unadunda, jasho linanitoka, mikono inakufa ganzi, naona kabisa hapa nakufa. Nilikopa kikoba laki nane za kupalilia shamba la korosho na kulipa vijana wa kupulizia salfa, mume wangu anajua laki tatu tu. Minada bado, marejesho yananidai kila wiki. Nasali lakini nikipiga magoti dakika mbili tu naanza kuhesabu madeni. Kwenye maombi ya Jumatano dada mmoja akaniambia mbele ya watu mwenye imani haogopi, nikaacha kwenda. Je Mungu amenikasirikia? Nifanye nini nipate amani?"

Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako jana jioni nikairudia leo asubuhi kabla hata ya chai, na jibu la swali lako nakupa mwanzoni kabisa ili usisome yote haya moyo ukiwa juu. Hapana, Mungu hajakukasirikia. Na hiyo hofu sio kipimo cha imani yako.

Yule dada alikosea, nasema wazi, na nadhani hakuwa na nia mbaya ila maneno kama yale yanamfungia mtu mlango wa kanisa. Hebu fungua Luka 22 pale bustanini. Yesu usiku ule hakuwa ametulia tuli kama tunavyomuona kwenye picha za ukutani, Luka anaandika kwamba kwa vile alivyokuwa katika dhiki akazidi sana kuomba, hari yake ikawa kama matone ya damu yakidondoka nchini. Hari ni jasho mwanangu. Jasho la usiku, kama lako. Na Mathayo anasema aliomba mara tatu kwa maneno yaleyale, yani Mwana wa Mungu mwenyewe alirudia ombi moja mara tatu, alafu mtu akuambie wewe ukiomba mara moja na hofu isiondoke basi huna imani? Aliyetokwa jasho vile ndiye unayemuomba saa nane usiku, anaijua hiyo saa.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimelipitia. Mwaka niliofiwa na mama nilikaa miezi karibu minne nalala taa inawaka, nikisikia pikipiki inasimama nje usiku najua tu ni habari ya msiba mwingine, tumbo linanikaza mpaka asubuhi. Kuna mtu mzima wa kanisani nilimfata akaniambia nitubu, nikatubu kila kitu nilichokumbuka mpaka ya utotoni na hofu ikabaki palepale, sasa nikawa nina hofu na hatia juu yake. Aliyenisaidia ni mama mmoja jirani, hakunihubiria, alikuja jioni akakaa jikoni akanisomea Zaburi ya 42, ile inayosema "Nafsi yangu, kwa nini kuinama, na kufadhaika ndani yangu?" kisha akasonga ugali tukala. Kesho yake akaja tena. Ndipo nikaona kumbe aliyeandika zaburi ile alikuwa anaongea na moyo wake mwenyewe uliovurugika, na Mungu hakuitoa kwenye Biblia, aliiacha humo watu kama sisi tuikute.

Sasa tuje kwenye sala yako, maana hapa ndipo penye kazi. Unasema ukipiga magoti unaanza kuhesabu madeni, na wewe unaona hilo ni kosa, unajilazimisha kurudi kwenye sala. Mimi nakuambia usirudi, hesabu hayohayo madeni mbele za Mungu. Wafilipi 4:6 wengi tunaijua kwa kichwa, "Msijisumbue kwa neno lo lote", tunaishia hapo tunaifanya fimbo ya kuwachapia watu, lakini mstari unaendelea, "bali katika kila neno kwa kusali na kuomba, pamoja na kushukuru, haja zenu na zijulikane na Mungu." Haja zenu na zijulikane. Zitajulikanaje kama unaomba tu "Bwana ondoa roho ya hofu" juu juu? Mwambie laki nane. Mwambie marejesho ya wiki hii ni shilingi ngapi na mkononi una shilingi ngapi, mwambie namwogopa mume wangu akijua, mtaje mweka hazina wa kikoba kwa jina. Anajua tayari, ndiyo, lakini wewe ndiye unayehitaji kuvitoa kifuani kimoja kimoja, maana hofu inapenda kukaa kama furushi moja kubwa lisilofunguliwa.

Na kushukuru hapo sio kushukuru kwa ajili ya deni, mtu asikudanganye. Shukuru kwa kilichopo kweli, watoto wamelala wazima, mikorosho imetoa maua, kama leo hukuona cha kushukuru zaidi ya kwamba kumekucha basi kimetosha.

Alafu mstari wa saba, "Na amani ya Mungu, ipitayo akili zote, itawahifadhi mioyo yenu na nia zenu katika Kristo Yesu." Wewe mtu wa korosho unalijua neno kuhifadhi. Ukishapeleka mzigo chama cha msingi ukapimwa ukaingia ghalani, bei bado huijui, mnada bado, hela bado haijaingia benki, lakini hulali juu ya magunia tena kwa sababu kuna anayelinda. Amani anayoisema Paulo ni ya namna hiyo, inakuja kulinda moyo wakati mambo bado hayajaisha. Na aliyaandika hayo akiwa kwenye kifungo. Tena kwenye barua hiyohiyo, sura ya pili, anakiri kwamba anamrudisha Epafrodito kwao ili na yeye apunguziwe huzuni, kwa hiyo hata aliyetuambia tusijisumbue alikuwa na mambo yanayomlemea na hakuyaficha.

Kuna neno moja la Petro nalipenda kuliko yote kwenye habari hii, na nadhani Kiswahili chetu kimelipa utamu wa pekee. 1 Petro 5:7, "huku mkimtwika yeye fadhaa zenu zote, kwa maana yeye hujishughulisha sana kwa mambo yenu." Kumtwika! Bibi zako wa huko Newala walikuwa wanashuka bondeni kufata maji wanapanda nayo kichwani mpaka juu uwandani, waulize wazee watakusimulia. Mtungi umejaa, shingo imekufa, alafu unakutana na mtu mwenye nguvu anaelekea unakoelekea anakwambia nitwike mimi. Mlima uko vilevile, bado unaupanda kwa miguu yako, ila kichwani huna kitu. Shida yetu mwanangu ni kwamba tunamtwika asubuhi, ikifika saa nane usiku tunaunyang'anya tena tunajitwisha. Ikitokea hivyo usijilaumu, mtwike tena. Hata mara kumi kwa usiku mmoja, hajasema popote kwamba atachoka.

Usiku ukiamka na ile hali fanya hivi. Usibaki umelala chali unaisikiliza, kaa kitako miguu iguse sakafu, vuta pumzi taratibu kwa pua, itoe kwa mdomo pole pole zaidi ya ulivyoivuta, rudia mpaka uone mabega yanashuka, na simu iache mbali maana meseji za kikoba saa nane usiku hazina msaada wowote. Ile hali inakuja kama wimbi inapanda alafu inashuka yenyewe, mara nyingi ndani ya nusu saa imeshatulia hata kama hukufanya lolote, kujua hilo tu kunasaidia. Wakati wa kuvuta pumzi sema moyoni "siku ya hofu yangu", ukitoa sema "nitakutumaini Wewe". Ni Zaburi 56:3, fupi, haihitaji taa wala kitabu. Daudi hakusema siku nitakayoacha kuogopa ndio nitakutumaini, alisema siku ya hofu yenyewe. Ukitulia malizia na Zaburi ya nne mstari wa mwisho, "Katika amani nitajilaza na kupata usingizi mara", ujilaze. Usingizi usipokuja haraka usiugombeze.

Mengine sasa si ya kupiga magoti, ni ya kusimama na kwenda.

La kwanza mume wako. Naona kwenye barua yako umeandika laki nane mara moja tu na laki tano zilizofichwa hukuzitaja hata kidogo nimezitoa mwenyewe kwa hesabu, na mimi nadhani kinachokuamsha saa nane sio laki nane, ni hizo laki tano. Siri ndiyo inayokaa macho. Mwambie mwanangu. Hukula hela hizo, zimeingia shambani kwenu wote wawili. Chagua saa ambayo ameshakula na watoto wamelala, umwambie kwa sentensi fupi, "baba nanihii, kikoba nadaiwa laki nane sio tatu, niliogopa kukuambia", atakasirika pengine siku mbili tatu, mpe nafasi. Ila kama ni mtu wa kupiga, hapo sikwambii uende peke yako, tafuta mtu anayemheshimu, kaka yake au mchungaji wenu au mama mkwe, aongee naye wewe ukiwepo.

La pili, mwenyekiti wa kikoba. Nenda kabla ya siku ya kikao, usingojee wakutaje kwenye madeni sugu, vikoba vingi vinampangia upya marejesho anayekuja mwenyewe mapema, kuliko anayezima simu. Newala yote inajua hela ya korosho inatoka kuanzia mwezi wa kumi na kuendelea, na wanachama wenzako nusu wanangojea mnada huohuo unaoungojea wewe. Yesu alisema "yatosha kwa siku maovu yake", na ninavyoisoma barua yako wewe uko mwezi wa tisa lakini unaishi na maovu ya mwezi wa kumi na mbili, bei ikishuka je, mvua ikiharibu je. Hayo hayajafika.

La tatu, hospitali, na hili nisikilize sana. Moyo kwenda mbio, jasho na ganzi inaweza kuwa wasiwasi tu lakini pia inaweza kuwa upungufu wa damu, presha, sukari au tezi ya shingoni kufanya kazi kupita kiasi, huwezi kujua kwa kusali, unajua kwa kupima. Anza hospitali ya wilaya hapo Newala, wakiona inahitaji zaidi watakuandikia uende hospitali ya Ligula kule Mtwara au ya Ndanda. Ukikutwa mzima mwambie daktari ukweli kwamba hulali na una mawazo, wasiwasi nao unatibika, kuna ushauri nasaha na kuna dawa pia, na anayemeza dawa hajamkana Kristo. Wamisionari Wabenediktini walipofika Ndanda mwaka 1906 wakajenga, na mpaka leo pale pana abasia ya sala na pana hospitali, watu wanatoka misa ya asubuhi wanaenda foleni ya daktari na hakuna anayeona ajabu. Na Eliya alipokata tamaa chini ya mti akaomba afe, malaika hakumkemea kwa imani ndogo, alimgusa akamwambia "Inuka, ule." Akala, akalala tena, akaamshwa akala tena. Wewe leo umekula nini? Maana najua mama mwenye madeni anavyopunguza chakula chake ili watoto washibe.

Na kama ipo siku mawazo yanageuka kuwa kama ya Eliya, unatamani ulale usiamke, usingojee jibu langu, siku hiyohiyo mwambie mtu aliye karibu akupeleke hospitali, hata kama ni usiku.

Atakuja pia mtu wa kukuuzia mafuta au maji ya kuondoa hofu kwa elfu ishirini. Una deni tayari, usimpe.

Kuhusu kurudi kanisani, sikulazimishi Jumatano hii. Lakini watu wetu wa kusini wana historia ya kusali wakiwa na hofu za kweli, hao walioanzisha misheni ya Masasi mwaka 1876 walikuwa watu waliokombolewa utumwani, waliletwa na Askofu Steere wa Waanglikana kutoka Unguja kupitia Lindi, na miaka sita baadae wakavamiwa na Wamagwangwara, yani Wangoni, wengine wakatekwa upya. Kanisa halikufa. Naamini walioinuka kusali asubuhi iliyofuata walikuwa wanatetemeka, na sidhani kuna aliyewaambia mwenye imani haogopi. Kwa hiyo nafasi yako kwenye benchi ipo. Tafuta mama mmoja tu unayemwamini, mmoja anatosha, umwambie naamka saa nane naomba na wewe ukiamka kwenda uani unitaje kwa Mungu, alafu mwende naye pamoja mkae nyuma karibu na mlango, ukiona kifua kinabana toka nje upunge upepo urudi.

Mimi nimeweka saa ya simu saa nane kamili usiku kwa wiki hii yote. Nitakuwa macho huku Mtwara nakutaja, wewe na mume wako na hizo laki tano. Ukishaongea naye niandikie, hata mstari mmoja.