Baba Bado Yuko Hai, na Shamba Halina Tena Jina Lake

Msomaji mmoja wa Malindi ameniandikia: "Dada, mzee wetu ana nyumba mbili na shamba. Tukigusia wasia tu anawaka, anasema tunamwombea kifo. Wewe wako ulimwingiaje?" Tangu niseme hapa kwamba hatimiliki yetu imetoka kwa jina la amana ya familia (trust, yaani mali inayokabidhiwa wadhamini waitunze kwa ajili ya familia), swali hilo limenijia kwa sura nyingi, basi leo nalijibu mara moja.

Baba yangu sikumtajia wasia hata siku moja. Nilimsubiri ale, ashushe chai, ndipo nikamwuliza: "Baba, kitinda mimba wako atakula kwa nani?" Mdogo wetu ana kifafa tangu utotoni. Sasa ni mtu mzima, mpole kupita kiasi, na pesa haziwezi. Mpe shilingi elfu mbili asubuhi, jioni mtaa mzima umekunywa soda. Ukimwachia fungu lake mkononi, wajanja wa Mikindani, mtaa wa Mombasa, watalimaliza kabla ya arobaini ya marehemu. Mzee alinyamaza sana. Kesho yake akaniuliza wakili anapatikana siku gani.

Yeye mwenyewe alikuwa na kidonda chake. Babu alifariki bila wasia, akaacha shamba kule Taveta na wake wawili. Kwenye karatasi mirathi si jambo gumu: barua ya chifu, maombi mahakamani, tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali na siku 30 za kungoja pingamizi, kisha miezi sita tangu kutolewa kwa barua za usimamizi (idhini ya mahakama ya kusimamia mali ya marehemu) ndipo mahakama ithibitishe mgao. Sisi pingamizi zilikuja kutoka nyumba zote mbili. Ile kesi ni kubwa kuliko binti yangu, na binti yangu anavaa sare za sekondari.

Amana inaikwepa njia hiyo. Mwenye mali, angali na akili zake timamu, anaitoa mali mikononi mwake na kuwakabidhi wadhamini, nao wanaitunza kwa masharti ya hati kwa faida ya wanufaika. Siku akifa, mali hiyo haimo katika urithi wake, kwa hiyo haingoji tangazo wala pingamizi za mirathi. Hapa Kenya, sheria ya wadhamini iliporekebishwa mwaka 2021 iliitaja amana ya familia waziwazi: ni ya kupanga au kusimamia mali ya mtu binafsi, inaweza kuwahusu hata wanufaika ambao hawajazaliwa, ila isiwe chombo cha kufanyia biashara. Yetu inasema kodi ya vyumba vya Mikindani imtunze mama kwanza, dawa na chakula cha mdogo wetu vifuate, kisha karo za wajukuu. Shamba la Taveta, ambalo baba alilinunua mwenyewe mbali na lile la babu, haliuzwi ila wadhamini wote wakubaliane.

Sasa nije kwa baba mdogo. Tulipoitisha kikao cha familia, alisimama mbele ya wageni akasema mtoto wa kike ameolewa, sasa anarudi kuiba shamba kwa kalamu. Mimi niliyelipa karo za wanawe wawili! Kaka zangu waliangalia sakafu. Mama peke yake ndiye aliyemjibu, tena kwa Kitaita, na maneno yale siwezi kuyaandika hapa. Mpaka leo tukikutana kanisani ananipita kama nguzo ya umeme. Nimemsamehe, nasema hivyo kila Jumapili, na kila Jumapili nalazimika kusema tena. Lakini hatimiliki ninayo nakala yake, na yeye anajua.

Nikuambie kitu ambacho hata mawakili wengine hawakisemi kwa sauti: hati ya amana yenyewe haihamishi kitu. Familia ninayoijua vizuri ilitengeneza hati nzuri, ikapigwa mihuri, wakapiga picha na keki. Hatimiliki za ardhi zilibaki kabatini kwa jina la mzee. Mzee alipofariki, watoto walijikuta kwenye foleni ileile ya mirathi, na keki ilishaliwa. Hamisheni hatimiliki. Kama ni shamba la kilimo, lazima mpate kibali cha bodi ya ardhi, maana kisheria hata kutangaza kwamba shamba linashikiliwa kwa amana ni muamala unaohitaji kibali hicho. Kama ni nyumba ya ndoa, mama atie sahihi ya idhini, na aelezwe anachokitia sahihi. Halafu hamisheni hatimiliki. Narudia kwa sababu najua mtaenda kukata keki.

Jambo jingine ni usajili. Amana isiyosajiliwa kama shirika, ardhi yake huandikwa kwa majina ya wadhamini, kwa hiyo kila anapofariki mmoja mnarudi ofisi ya ardhi. Iliyosajiliwa ina jina lake na lakiri yake, yaani muhuri wake rasmi, na yenyewe ndiyo mwenye ardhi, wadhamini wafe au waje wengine. Upande wa kodi sitawadanganya: sheria za kodi hubadilika mara kwa mara, kaeni na mhasibu kabla ya kusaini.

Msomaji wangu wa Malindi ni Mwislamu, na nyie mlikuwa na jambo hili kabla yetu. Wakfu wa kizazi, yaani mali inayofungwa kwa faida ya watoto na wajukuu, ni wa zamani sana pwani. Mahakama za kikoloni zilikuwa zikizibatilisha wakfu za namna hiyo, zikisema fungu la maskini limewekwa mbali mno, yaani wangelipata tu kizazi kikiisha, hadi sheria ya Makamishna wa Wakfu ya mwaka 1951 ilipozikubali kwa sharti kwamba mwisho wa yote mali iwaendee maskini au jambo jingine la kheri la kudumu. Dada, mpeleke mzee kwa kadhi au kwa mwanachuoni anayemheshimu. Huenda akikuta jambo lina msingi katika dini yake ataacha kuona mnamwombea kifo.

Wapo pia wanaoniandikia faraghani wakitaka amana ya kumfungia nje mke wa pili au mtoto wa nje. Msinitafute. Watoto ni watoto, na damu haifutiki kwa wino wa wakili. Anayedhani atamficha mtoto ndani ya amana amwandalie na kesi yake. Wala msihamishe mali kukimbia madeni, mahakama inaweza kuubatilisha uhamisho wa hila. Jengeni mkiwa safi, mkiwa hai, mkiwa bado mnaongea.

Mwisho, wadhamini. Msiweke watu wa nyumba moja tu, msiweke mlevi kwa sababu ni kifungua mimba, na msiweke mtu anayedaiwa na kila duka. Sisi tuliweka watatu, mmoja wao ni mwalimu mstaafu wa parokiani asiye ndugu. Yeye ndiye aliyedai kiongezwe kifungu cha kumwondoa mdhamini anayekataa kutoa hesabu kila mwaka. Hesabu za kwanza nimezitoa mimi, kurasa nne, risiti zimebanwa nyuma. Nakala ya baba mdogo niliituma kwa mkono wa mama.