Sidi mia tatu, na zote zimebeba sumu ile ile

Nina saiba ndogo hapa Free Area, Nakuru, kompyuta 6 na printa moja inayokohoa, na haipiti wiki kabla mtu hajaniuliza kama ni sawa kudaunlodi waleti (programu ya kuweka na kutuma sarafu) ama nodi ya Bitcoin (programu inayohifadhi na kukagua rekodi ya miamala yote) kwa torenti, ile njia ya kupokea faili vipande vipande kutoka kwa kompyuta za watu wengine. Kuna wale wameambiwa torenti ni ya wezi wa muvi tu, na kuna wale wamesikia mahali kwamba torenti haiwezi kuwa na virusi juu "inakaguliwa na kila mtu". Hao wote wamekosea, na mimi nilikuwa kwa hilo kundi la pili mpaka likanitoa shilingi 23,000.

Ilikuwa 2021, ule mwaka hata kinyozi alikuwa anakushauri ununue sarafu gani. Nilikuwa nanunua vijisatoshi, yaani vipande vidogo vya Bitcoin, kwa huyu nauzia yule, M-Pesa ikiingia naachilia, faida yenyewe ya chai na mandazi. Waleti ilikuwa kwa simu, nikaona niweke ingine kwa kompyuta ya kaunta ndio kazi iende haraka. Siku hiyo bando ilikuwa inapumua ya mwisho na tovuti rasmi inajikokota, kwa hivyo nikaenda pale penye huwa natoa muvi (ndio, nakubali, tuendelee), nikaandika jina la waleti, ikatokea. Sidi 300, yaani watu 300 wenye faili nzima wanaoigawia wengine. Nikajiambia watu 300 hawawezi kuwa wajinga wote kwa pamoja.

Programu ikafunguka vizuri kabisa, rangi zile zile, salio likasoma sawa. Siku 4 ikafanya kazi bila tatizo lolote. Siku ya 5 kuna mteja wa Molo alikuwa amenilipa 23,000, nikakopi anwani yake ya kupokelea Bitcoin kutoka WhatsApp, nikapesti, nikaangalia mwanzo nikaona bc1q, ya kwake pia bc1q, nikabonyeza tuma. Nusu saa hivi akapiga: "Boss, mbona huku sioni kitu?" Nikarudi kuangalia polepole na kidole kwa skrini. Baada ya hiyo bc1q hakukuwa na herufi hata moja inafuatana na ya kwake. Kumbe bc1q ni mwanzo wa mamilioni ya anwani, ni kama uangalie namba ya simu uone inaanza na 07 useme hii ni ya mama. Ndani ya ile waleti kulikuwa na kijiprogramu kimelala, kazi yake ni kungoja ukopi anwani, kisha kabla hujapesti kinaweka ya mwizi. Na Bitcoin ikishaenda imeenda, hakuna kupigia mtu simu arudishe. Mteja nikamtumia tena kutoka kwa mfuko wangu, maanake alikuwa amelipa na hana kosa.

Lakini kitu kiliniuma kuliko pesa ni hiki: hizo siku 4 zote kompyuta ya kaunta ilikuwa inasidi. Sidi ya 301 nilikuwa mimi.

Sasa hapo ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu torenti yenyewe haikunidanganya. Hii kitu Bram Cohen alitoa 2001 inafanya hivi: faili inakatwa vipande, kila kipande kinapigiwa hesabu inayoitwa hashi, na programu yako ikipokea kipande kutoka kwa mtu usiyemjua inapiga hesabu tena, isipolingana inakitupa na kukiomba kwingine. Kwa hivyo mtu mmoja kati ya wale 300 hawezi kukuchomekea kipande chenye sumu, na hiyo ni kweli kabisa. Shida ni kwamba hesabu zote hizo zinatoka kwa ile linki ya sumaku (magnet) uliyobonyeza kuanza kudaunlodi, ile ya herufi na tarakimu 40. Ni kama kumtuma mtoto dukani na karatasi: ataleta kile kimeandikwa, na kama umeandika sumu ya panya ataleta sumu ya panya, hatakosea hata gramu. Mimi karatasi yangu iliandikwa na mwizi. Watu 300 wakaniletea kwa uaminifu.

Kwa hivyo swali la kwanza sio torenti ama sio torenti, ni nani ameandika linki. Bitcoin Core kwa mfano, ile programu kuu ya nodi, wanaweka torenti yao kwenye ukurasa wao wenyewe wa kudaunlodi, bitcoincore.org, unaanzia hapo, sio kwa tovuti ya muvi, sio kwa grupu ya Telegram, na sio kwa hilo tangazo linalokuja juu kabisa ukigugo, hilo liruke kabisa.

Mtu ataniambia sasa basi si nidaunlodi tu moja kwa moja kwa tovuti rasmi niachane na torenti? Unaweza, lakini usidhani umemaliza. Novemba 2019 tovuti rasmi ya Monero, sarafu nyingine ya kripto, iliingiliwa na faili za waleti zikabadilishwa palepale kwenye ukurasa wao, mtu aliyefuata ushauri wa "tumia tovuti rasmi" akapata faili ya mwizi kutoka kwa mlango wa mbele. Iligunduliwa kwa sababu mtumiaji mmoja alilinganisha hashi akaona haziendani, akapiga kelele. Na hata hizi programu za torenti zenyewe, Machi 2016 Transmission ya Mac iliwekewa virusi vya kufunga mafaili vinavyoitwa KeRanger, kwenye tovuti yao wenyewe. Tovuti ni nyumba kama nyumba zingine, inavunjwa.

Kwa hivyo mimi sasa sijali sana faili imekuja na njia gani. Inaweza kuja na torenti, na flashi ya mtu wa Njoro, na matatu ya Eldoret. Ikishafika nafanya mambo mawili.

La kwanza ni hashi. Kwa Windows fungua ule mlango mweusi wa kuandika amri (Command Prompt), andika certutil -hashfile, jina la faili, halafu SHA256. Kwa Linux ni sha256sum tu na jina. Itakutolea mstari wa herufi na tarakimu 64, unalinganisha na ule uko kwenye faili ya Bitcoin Core inayoitwa SHA256SUMS, iko kwenye ukurasa wao wa kudaunlodi. Na usiangalie nne za mwanzo na nne za mwisho, nimeshakuambia yaliyonipata na bc1q. Mimi huwa namuita kijana wangu wa dukani asome kwa sauti mimi nafuata na biro, "tatu, f, nane, nane, a..." wateja wanatuangalia kama tunapiga ramli. Kama uko peke yako kopi mstari wako, fungua SHA256SUMS, bonyeza Ctrl na F, pesti. Ikipata, imepata yote 64.

La pili watu wengi hawafanyi na ndilo lenye maana, kwa sababu mwizi akishaingia kwa tovuti ya watu akabadilisha faili, nini itamzuia kubadilisha pia hiyo orodha ya hashi? Kando ya SHA256SUMS kuna SHA256SUMS.asc, hiyo ni saini ya kidijitali. Kuanzia toleo la 22.0 la 2021 Bitcoin Core haisainiwi na mtu mmoja, kuna watu kadhaa, kila mmoja kwa kompyuta yake anajenga programu kutoka kwa msimbo ule ule, wote wanapata faili ile ile mpaka baiti ya mwisho, ndio wanasaini. Wenye chama wataelewa haraka: cheki ya chama haitoki na sahihi ya mweka hazina peke yake. Hapa ni hivyo hivyo, mmoja akinunuliwa ama akiibiwa laptopu, saini za wengine zitamkana. Unahitaji programu ya gpg (kwa Windows inaitwa Gpg4win), unaleta funguo za hao watu za kukagulia saini zao, na ukiandika gpg --verify SHA256SUMS.asc unatafuta maneno Good signature, na sio ya mtu mmoja, angalau ya watatu wanne. Chini yake itakuonya kwamba ufunguo haujathibitishwa na mtu unayemwamini, usiogope, inamaanisha tu wewe mwenyewe hujaiambia kompyuta kwamba unamjua huyo. Alama ya kidole ya ufunguo (fingerprint, ule mstari wa kuutambua) itafute mahali pawili tofauti ulinganishe. Mara ya kwanza itakuchukua jioni nzima na utatukana. Mara ya pili ni dakika 3.

Baada ya hayo yote bado natumia torenti, na sababu zangu ni za hapa nyumbani. Stima. Unadaunlodi kwa brauza, umefika mbali, stima inapotea mtaa mzima, ikirudi mara nyingi unaanza mwanzo na bando imeenda. Torenti inakumbuka vipande ilivyo navyo, inaendelea pale iliachia. Ya pili ni hii na inanifurahisha mpaka leo: kwenye qBittorrent, programu ya torenti, kuna mahali pa kuwasha utafutaji wa wenzako walio kwa mtandao mmoja wa ndani. Mei 2024 zile nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na intaneti ya Kenya ikawa ya kuomba dua, nilitoa faili kwa kompyuta moja usiku, asubuhi nikafungua linki ile ile kwa zile zingine 5, zikapeana zenyewe kwa zenyewe kupitia rauta, kwa dakika chache, bila kugusa bahari.

Ya tatu ni mambo ya korti. Januari 2021 mawakili wa Craig Wright, yule Muaustralia aliyesema yeye ndiye Satoshi, mtu asiyejulikana aliyeunda Bitcoin, waliandikia tovuti kadhaa ziondoe ile karatasi ya kwanza ya Satoshi inayoeleza Bitcoin, na bitcoincore.org wakaiondoa. Jaji wa London alikuja kuamua Machi 2024 kwamba Wright sio Satoshi, lakini hapo miaka mitatu ilikuwa imeshapita tangu hizo barua. Tovuti ina mwenyewe, na mwenyewe anaandikiwa barua. Torenti utamwandikia nani? (Hiyo karatasi yenyewe kuna mtu aliiweka 2013 ndani ya blokcheini, ile rekodi ya miamala yote, sasa iko kwa kila nodi kamili, nenda ukaitoe.)

Tahadhari ndogo ndogo: kwa torenti kila mtu aliye kwenye hilo faili anaona anwani yako ya IP, kwa hivyo wanajua kuna mtu wa kripto kwa hiyo laini. Na kama uko kwa bando ya simu, punguza spidi ya kupakia mapema, kusidi kunakula data kama kudaunlodi. Torenti ya Bitcoin Core pia imebeba faili za kompyuta za kila aina, ondoa tiki kwa zile huhitaji.

Sasa kuna hii ya kupeana blokcheini nzima, hapa kuwa makini zaidi. Programu yenyewe ni makumi ya megabaiti tu, lakini historia ya miamala imepita gigabaiti 600, na watu wanachoka kungoja, wanakuja na hardi diski, "bro nikopie folda yako tumalize." Zile bloki unaweza kumpa, mradi aambie nodi yake izisome na kuzikagua upya kutoka mwanzo, kwa -reindex. Ile folda ya chainstate hapana. Hiyo ndiyo daftari ya nani ana nini, na nodi ikiikuta tayari haiulizi, inaamini. Ukichukua chainstate ya mtu umechukua neno lake. Na wallet.dat ya mtu, ile faili yenye funguo za pesa zake, hiyo hata sitaki tuongee.

Kama haraka imekushika, tangu toleo la 28.0 la 2024 kuna njia safi: unachukua picha ya hiyo daftari ilivyokuwa kwenye bloki ya 840,000, ile ya halving ya Aprili 2024 (zawadi ya wachimbaji ilipokatwa nusu), hata kwa torenti, unailodi kwa amri ya loadtxoutset. Tofauti ni kwamba hashi ya hiyo picha imeandikwa ndani ya programu yenyewe, ile umeshakagua saini. Ikiwa na kosa la baiti moja inakataliwa, na hata ikikubaliwa nodi inaendelea kukagua historia yote polepole nyuma ya pazia. Kama laptopu yako ni ndogo weka prune=550, bado utadaunlodi bloki zote lakini itahifadhi zile za mwisho tu.

Wiki jana kuna mzee mmoja mwalimu mstaafu, mteja wangu wa siku nyingi, amekuja na flashi. "Kijana, hii ni ile Bitcoin Core uliyonipa wewe mwenyewe, niwekee kwa hii laptopu mpya." Nikamwambia, "Sawa mwalimu, lakini nitaikagua kwanza." Akakasirika kidogo, eti sasa hata yeye simwamini. Nikapiga certutil, tukatafuta kwa orodha, hakuna. Tukanyamaza wote wawili. Kijana wangu ndiye akasema tujaribu orodha ya toleo la nyuma, na ikawa iko huko, mstari mzima, 64 zote, ilikuwa tu ni ya zamani. Mzee akacheka, akaniambia basi niangalie na saini pia kwa kuwa nimeshaanza, akavuta kiti akavaa miwani.